Fundi Asiyeuliza Maji Yanapita Wapi

(Mhadhara kwa kikundi cha kuweka na kukopa, Buhongwa, Mwanza, Jumamosi asubuhi)

Mwangaluka. Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenipa dakika arobaini nizungumzie namna ya kumpata fundi wa uzio na geti. Ameniandikia mambo manne kwenye karatasi: bei, mkataba, geti, kibali. Nitayafikia nikiwahi. Naanza na lile ambalo halimo kwenye karatasi yake, maana ndilo linaloangusha kuta za mji huu kila masika. Nimelisema Nyegezi, nimelisema Igoma, nimelisema Buswelu, na bado kila mwaka naitwa kwenda kutazama tofali zilizolala chali.

Ukimwita fundi kiwanjani kwako, nyamaza kwanza. Usimtajie kozi, ile mistari ya tofali, usimtajie rangi. Subiri uone yeye ataanza kuuliza nini. Akianza na "tofali za nchi tano au sita?", bado. Akianza na "umejipanga na shilingi ngapi?", bado. Mngoje yule atakayepanda mpaka kona ya juu ya kiwanja, ageuke autazame mlima, kisha akuulize: "Mama, mvua ikinyesha, maji ya kule juu yanapita wapi hapa?" Huyo mtolee kiti, mzungumze bei.

Mji wetu umekaa juu ya mawe, na jiwe halinywi maji. Isamilo, Mabatini, Igogo, kote mnakujua. Mvua ikipiga mwamba, maji hayakai, yanateremka yote na mchanga wake na chupa zake. Ndiyo maana Mto Mirongo unajaa matope kabla hujamaliza chai yako.

Chukueni kalamu. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50 ikikinyeshea, na mvua ya namna hiyo si ajabu hapa kwetu, unapata lita 30,000. Hayo ni maboza matatu ya lita elfu kumi kumi, tani 30, yamemwagwa ndani ya uzio wako kwa siku moja. Hapo sijayahesabu ya jirani wa juu, na wa juu yake. Wewe umezungusha tofali pande zote nne, ukaacha mwanya mmoja tu chini ya geti, na geti lenyewe liko upande wa juu. Haya, niambie yatoke wapi.

Nitawaeleza kisa cha dada yangu. Wengine mmeshakisikia, vumilieni.

Dada yangu aliuza dagaa miaka mingi mpaka akapata kiwanja hapa hapa Buhongwa, kwenye mteremko. Nyumba ikaisha, akataka uzio. Akaletewa fundi mmoja anayesifiwa kwa kasi, anayelipwa kwa tofali. Sasa fundi anayelipwa kwa tofali, hamu yake ni tofali. Msingi haumlipi, mfereji haumlipi. Ukuta ukapanda. Upande wa chini ulikuwa mrefu kunizidi, na kwa ndani dada akamwaga kifusi ili uwanja uwe tambarare, watoto wacheze. Kwa hiyo ule ukuta ulioitwa uzio ukawa umezuia udongo unaofika kiunoni, na hakuna aliyeuandaa kwa kazi hiyo.

Nilipita siku wanapiga lipu. Nikatazama chini, sikuona hata tundu moja. Nikamuuliza fundi, "Matundu ya kutolea maji yako wapi?" Akanijibu, "Mzee, tukiacha matundu, nyoka wataingia." Dada anaogopa nyoka kuliko kitu chochote duniani, akamuunga mkono. Nami nikanyamaza, nikajiambia mji ni wake. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Vuli ya kwanza ukuta ulisimama. Ila lipu ya upande wa chini ilianza kuvimba, kukawa na doa la unyevu lisilokauka hata juani, kama shati la mtu anayetokwa jasho. Ukuta ukitoka jasho hivyo unakwambia maji yamekaa nyuma yake. Dada akapaka rangi juu yake.

Aprili, usiku, mvua ilianza jioni haikukata. Kiasi cha saa nane ukuta ukalala nje, juu ya banda la jiko la jirani. Msichana wa yule jirani alikuwa na desturi ya kulala kwenye banda lile shule zikifungwa. Usiku ule alikuwa Magu kwa bibi yake. Walikufa kuku.

Nilifika alfajiri. Kipande cha hatua kumi na moja kilikuwa kimelala kizima kama mlango uliosukumwa, rangi mpya ikitazama mbingu. Nikachutama nikapima msingi kwa mkono: shubiri mbili, juu ya udongo laini. Nondo hakuna. Nikashika tofali moja, likameguka kama andazi la jana. Yule fundi simu yake haikupatikana wiki nzima. Dada akalipa banda la jirani, akalipa kuku, akalipa kuondoa kifusi, kisha akaanza upya. Hesabu yake ilipita mara mbili ya fedha aliyodhani ameiokoa.

Mnielewe vizuri hapa. Udongo ulioshiba maji unasukuma. Na ukuta unaozuia udongo wa mita mbili hausukumwi mara mbili ya ule wa mita moja. Unasukumwa mara nne. Ndiyo sababu uzio na ukuta wa kuzuia udongo ni kazi mbili tofauti. Wa kuzuia udongo unataka mawe, kitako kipana, na mtu aliyesomea. Ukipita kimo cha kiuno, tafuta mhandisi, usimsukumie fundi mzigo asioujua.

Na matundu, jamani, ni bomba la plastiki la nchi mbili, moja kila baada ya mita moja na nusu, limeinamishwa kidogo kuelekea nje, nyuma yake kokoto ili udongo usilizibe. Nyoka? Weka wavu wa chuma mdomoni mwa bomba. Wavu hauzidi bei ya kuku mmoja! Halafu mfereji uyapeleke maji barabarani au kwenye mkondo wake wa zamani, si sebuleni kwa jirani.

Kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unalotaka kusema, kwamba kwingine watu wanajenga ukuta tu na hauanguki. Mtoto wa kaka yangu anaishi Phoenix, Marekani, jangwani kabisa, na hunitumia video za kuta za huko, zimenyooka hasa. Nikamuuliza mnapata mvua kiasi gani. Haifiki milimita 250 kwa mwaka mzima. Sisi Mwanza tuko kwenye 1,000. Wao wanapambana na jua linalopasua mbao na kubabua rangi, na chini wana tabaka la udongo ulioshikamana kwa chokaa, mgumu kama zege, kuchimbia nguzo ni mashine. Hata hivyo, kati ya Juni na Septemba hushukiwa na mvua za ghafla, makorongo makavu yanageuka mito kwa saa moja, na kujenga ukuta ukaziba korongo ni kosa hata kwao. Sasa kama mtu wa jangwani analiheshimu korongo lililokauka, sisi wa kando ya ziwa tunaziba la kwetu kwa jeuri gani?

Mwingine atasema, "Mwalimu, hayo yote ni ya wenye hela." Sikubali. Babu zetu Usukumani walizungushia miji yao minyaa. Hukata matawi, huchomeka ardhini, unaota. Maji yanapita katikati yake na mizizi inashika udongo. Utomvu wake ni mbaya machoni, kwa hiyo watoto wafundishwe na anayekata avae miwani. Lakini kama mfuko wako haujafika kwenye msingi wa kweli, panda minyaa leo, ukuta ujenge utakapoweza. Mimi sioni aibu yoyote kwenye uzio wa minyaa. Aibu ni kumwangushia jirani ukuta.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Haya, haraka haraka.

Mipaka. Kabla hata ya fundi, ziko wapi bikoni zako, zile alama za mpaka? Kama huzioni, mlete mpima ardhi. Ukuta uliovuka kwa nusu mita ni kesi, na fundi hatakuwepo barazani.

Udongo. Ukiwa juu kwenye luseni, mchanga mchanga ule, una nafuu. Ukiwa bondeni kwenye mbuga, udongo mweusi, huo unavimba mvua ikija na kupasuka kiangazi, na ukuta unaufuata. Chimba uupite. Na pale ukuta unapotoka kwenye mwamba kuingia kwenye udongo, uachanishwe, usiunganishwe moja kwa moja, maana upande wa udongo utashuka na wa mwamba haushuki. Ufa utatokea hapo hapo.

Tofali. Usinunue tofali lililofyatuliwa juzi. Limwagiliwe wiki nzima, ndipo likauke. Chukua moja, liachie toka usawa wa bega. Likisambaratika, rudi nyumbani na hela yako. Mchanga nao utie kwenye chupa, weka maji, tikisa, acha ukae. Tope likilala nene juu yake, huo mchanga ukatae.

Geti. Hapa mnaibiwa kwa namba. Geji ya bomba inavyopanda, unene unashuka: geji 18 ni jembamba kuliko geji 16. Watu wanasikia 18 wanafurahi! Nguzo ya geti iwe ya zege na nondo, imezama chini, maana uzito wote wa geti unaning'inia hapo. Geti linalokwaruza chini, mara nyingi nguzo ndiyo imeinama. Kiwanja chako kikiwa kinapanda toka barabarani, geti la kufungukia ndani litagonga udongo, kwa hiyo weka la kuteleza. Na mchomeleaji apake rangi ya kuzuia kutu pande zote, hata chini kusikoonekana, kabla halijafungwa. Kutu ya huku huanzia chini, maji yanaporuka.

Malipo. Vifaa nunua mwenyewe. Hela ya ufundi ilipwe kwa hatua: msingi ukikaguliwa, kozi zikiisha, lipu ikiisha. Na bakiza sehemu mpaka mvua moja kubwa ipite, iandikwe kwenye karatasi, mtie saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Fundi mzuri ataguna kidogo, halafu atakubali. Ukimpa kampuni kazi, uliza usajili wake Bodi ya Makandarasi. Fundi wa mtaani hana usajili huo, kwa hiyo akupeleke kwenye kuta zake mbili zilizopigwa na masika mbili, na uzungumze na mwenye nyumba yeye akiwa hayupo. Picha za kwenye simu hazina mvua.

Kibali kiulize jijini, na walio Ilemela manispaa, kabla ya kuchimba. Nanyi wa ufukweni, Luchelele na Igombe, sheria ya mazingira ya 2004 inasema usijenge ndani ya mita 60 toka ziwani. Msisingizie kwamba ziwa liko mbali. 2020 liliwafuata watu mpaka uani.

Mama mwenye kitenge cha bluu, umenyoosha mkono tangu mwanzo. Kiwanja kiko chini ya ule mwamba mkubwa njia ya Mkolani? Na fundi anaanza Jumatatu? Ameuliza kuhusu maji?

Basi maswali mengine nitayajibu njiani. Vijana wawili nifuateni, mmoja abebe mpira wa maji, mwingine vile vigingi. Mama, tutangulie.