Funguo Zikae Mfukoni Kwanza

Mabibi na mabwana, vijana wa gereji, na ninyi wazee wenye magari chini ya turubai: asanteni kwa kuja. Mvua ya Nakuru ya alasiri haimwonei mtu huruma, na naona wapo waliotoka Molo na hata Kericho, basi sitawachelewesha kwa utangulizi. Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu wiki tatu zilizopita nimeletewa injini nyingine iliyouawa vilevile.

Gari lililolala miaka mingi, usilipige stata.

Usilipige siku unayolifunua. Usilipige kesho yake. Na ile "kidogo tu, tusikie" ndiyo mbaya kupita zote, maana hiyo kidogo ndiyo inayovunja.

Mwaka 2009 niliitwa Njoro na mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa na Datsun 240Z nyekundu. Kwa watu wa hapa sina haja ya kueleza gari hilo. Nchi iliyomwona Edgar Herrmann akishinda mbio za magari za Safari Rally nalo mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973, inajua silinda sita zinavyolia zikipanda mlima. Mzee aliliegesha ndani ya ghala la mahindi mwaka 1988, akalifunika, na akafariki kabla ya kulitoa. Sasa binti yao alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili, na kaka yake alitaka dada aende kanisani ndani ya gari la baba. Nani angemlaumu?

Tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu alinizidi umri na jina, mimi nilikuwa wa kumbebea spana. Tulipotoa turubai, rangi ilikuwa bado iko, chini ya vumbi laini kama unga. Nikafungua kifuniko cha tangi. Petroli iliyolala miaka 21 hainuki petroli. Inanuka vanishi ya mbao, harufu kali inayokwaruza koo. Nyuma ya kiti cha dereva, pale pa kuwekea mizigo, panya walikuwa wamejenga kwa sufi na maganda ya mahindi.

Mwenzangu akafunga betri ya pikapu kwa waya, akachukua chupa ya petroli safi ili aimwagie kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa. Nikamwambia, "Mzee, tutoe plagi kwanza tuangalie ndani." Akanijibu, "Tukianza kufungua tutalala hapa." Mama akanitazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, mwache baba yako apige, tusikie tu." Nikanyamaza. Nimeijutia nyamaza hiyo mpaka leo.

Akapiga. Stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini, ikaguna, injini ikakataa. Akapiga tena. Ikazunguka nusu, ikasimama. Akapiga mara ya tatu, na ndani kukatoka mlio mfupi, kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Kisha injini ikazunguka. Na ikawaka.

Iliwaka, ndugu zangu! Hapo ndipo watu hawanielewi. Wanadhani nitawaambia injini ilikufa palepale. Haikufa. Iliwaka, moshi wa buluu ukajaza ghala, majirani wakapiga vigelegele, mama akalia kwa furaha akishika mlango wa gari. Kama kungekuwa na mtu wa kupiga video, ingeishia hapo na kila mtu angesema huyu fundi ni hodari. Kwa hivyo kijana, ukiniambia umeona kwenye simu gari la miaka 30 likijampiwa, yaani likiazimwa betri ya gari jingine, na kuwaka papo hapo, sikukatalii. Niambie tu wiki iliyofuata ilikuwaje, kwa sababu hiyo hawaionyeshi.

Baada ya kama dakika nne ikaanza kugonga. Tulipokuja kuvua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, silinda ya 4 ilikuwa na mchirizi tangu juu hadi chini, ukipitisha ukucha unanasa. Ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, ilikuwa imevunjika, na kipande chake kimepanda na kushuka humo ndani kwa hizo dakika nne zote.

Kwa nini silinda ya 4? Hili naomba mlisikilize polepole. Injini ya silinda sita, popote utakapoizima, kuna valvu, vile vilango vya hewa na moshi, zitakazobaki wazi. Silinda yenye valvu wazi inapumua hewa ya nje kupitia bomba la moshi. Njoro usiku ni baridi, mchana jua, na masika yakija hewa ni maji matupu. Chuma kilichopoa kinavuta unyevu, na ile oili iliyokuwa ukutani mwa silinda ilishateremka zamani. Pale ringi inapogusa ukuta, kutu inafanya mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Ndio huo tu. Ukiizungusha injini kwa mkono, uzi huo unakuzuia na wewe unasikia umezuiwa. Stata haina masikio. Inasukuma tu, na kati ya kutu na ringi, ringi ndiyo inayovunjika.

Kutengeneza kulichukua miezi minane. Binti alikwenda kanisani kwa gari la kukodi. Silinda zote sita zilichongwa, tukahitaji pistoni za saizi kubwa, na mama akauza ng'ombe wawili wa maziwa. Wawili! Kwa sababu ya oili ya bei ya soda ambayo hatukuimwaga ndani ya silinda.

Mtu ataniambia, spea za gari kama hilo zinatoka wapi, si bora ukate uweke injini ya Toyota umalize? Nimeulizwa hivyo mpaka nimechoka. Injini ya 240Z, ile L24, ni ndugu wa tumbo moja na L16 ya Datsun 1600 iliyojaa nchi hii. Kipenyo cha silinda ni mm 83 kwa zote mbili, mwendo wa pistoni ni mm 73.7 kwa zote mbili. Piga hesabu: 1600 yenye silinda nne ina sentimita 1595 za ujazo, ongeza nusu yake unapata 2393 za 240Z. Wajapani waliongeza silinda mbili tu. Pistoni zetu nne nilizipata Kisumu kwa mzee aliyekuwa na spea za Datsun tangu enzi hizo, mbili zikatoka Nairobi. Tulizipima moja moja, zikakubali. Kwa hivyo usiniambie hakuna spea. Umetafuta duka moja ukarudi nyumbani.

Na injini ya Toyota ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini yule mama hakuuza ng'ombe ili asikie Toyota.

Basi inavyotakiwa ni hivi. Funguo za gari ziweke mfukoni, au mpe mtu wa mbali. Toa betri kabisa. Mwaga petroli yote ya zamani, na tangi ulishushe, usilichungulie tu kwa tochi. Kisha ng'oa plagi zote na uzipange kwa zamu ya silinda zake, maana kila plagi ina habari ya nyumba yake. Mwaga oili nyepesi kwenye kila tundu, vijiko viwili vya chakula. Ile ya giaboksi ya otomatiki inapenya vizuri zaidi. Ziba matundu kwa kitambaa safi. Nenda nyumbani.

Ndiyo, nenda nyumbani! Rudi kesho uongeze kidogo. Rudi tena kesho kutwa. Mimi nangoja siku 10. Miaka 21 imengoja, siku 10 zina nini?

Siku hizo zikiisha, weka gia huru, shika spana kwenye nati ya puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, plagi zikiwa bado nje, na uzungushe kwa mkono. Kiganja chako ndicho kipimo. Ukihisi imegonga kitu, simama, rudisha nyuma kidogo, ongeza oili, ngoja. Usiunge bomba kwenye spana ili upate nguvu. Ukifanya hivyo umekuwa stata. Ikizunguka mara mbili kamili bila kunasa, mwaga oili ya zamani ya chini, weka mpya na chujio jipya, hapo sasa betri irudi. Piga stata plagi zikiwa nje, mpaka sindano ya presha ya oili inyanyuke. Usiweke plagi kabla haijanyanyuka. Ukiona sindano ile inapanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini, wewe mwenyewe utajua kwa nini nilikuambia ungoje.

Kabureta. 240Z ina mbili, kila moja ina pistoni yake ndogo juu. Vua chujio la hewa, inyanyue hiyo pistoni kwa kidole na uiachie. Ikishuka na kutoa "tok", iko hai. Ikishuka kimya, au ikabaki juu, imeganda kwa ile vanishi niliyowaambia; ifungue uioshe. Oili nyembamba ya humo juu usiisahau. Na kumbukeni tuko karibu mita 1850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyembamba, kwa hivyo kabureta iliyopimwa kwa ajili ya Mombasa hapa inakula petroli kupita kiasi na plagi zinatoka nyeusi ti. Kabla hujalaumu ringi, punguza petroli.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nusu ya karatasi yangu bado, lakini breki siwezi kuziruka.

Nimepata kuteremka Subukia na gari lililoamka vizuri kuliko mengi. Injini tamu, rangi mpya, mwenye gari pembeni yangu anaimba. Tulikuwa tumebadilisha breki shuu, tukaacha mafuta ya breki ya zamani kwa sababu yalionekana yamejaa. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, hata kopo likiwa limefungwa kwenye gari. Yakiwa mapya, DOT 3 inachemka kwa digrii 205. Yakishalewa maji, inachemka kwa 140 hivi. Kona ya tatu pedali ililainika. Ya nne ikaenda mpaka chini, kama kukanyaga sifongo. Maji yalikuwa yamegeuka mvuke kwenye mabomba, na mvuke hausukumi kitu. Nilishuka gia mpaka ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nikalipandisha gari kwenye tuta la udongo. Rafiki yangu hakuimba tena siku ile.

Kwa hivyo mafuta ya breki yote yatoke, masta silinda, ile pampu ya breki, ifunguliwe, na mipira inayoelekea magurudumuni ibadilishwe hata kama kwa nje inapendeza. Kwa ndani huvimba: unakanyaga inashika, unaachia haiachii.

Mengine kwa haraka. Tairi: soma tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya 2000, itupe, usinionyeshe kashata zake. Klachi huganda kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Gia ikikataa kuingia usivute kwa hasira. Waya: panya hula ganda, shaba inabaki uchi, kwa hivyo fyuzi kabla ya kila kitu. Petroli yetu haina risasi tangu 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa inakinga viti vya valvu. Datsun yenye hedi ya aluminiamu haisumbuki sana, lakini wenye MG za hedi ya chuma tuonane baadaye. Mambo ya bima na logi buku nilikuwa nimeyaandika, nayaacha.

Lakini hili siliachi. Ukishaliamsha, liendeshe. Wapo wanaotumia miaka mitatu kulifufua gari kisha wanalirudisha chini ya turubai, eti lisichakae. Ndiyo kuliua mara ya pili! Kila wiki mbili litoe, si kuliwasha getini dakika tano, hapo unaijazia oili maji tu. Litoe mpaka lipate joto kamili. Jumapili asubuhi na mapema, kabla malori hayajajaa, panda Njoro kuelekea Molo. Gia ya tatu, dirisha wazi, harufu ya pareto na udongo uliolowa, na ile L24 ikipita mizunguko 4000 inabadilisha sauti, inaacha kunguruma inaanza kuimba. Hakuna redio kwenye gari lile na hakuna aliyewahi kuiulizia.

Mama wa Njoro yuko hapa, mstari wa pili, mwenye kitenge cha kijani. Gari lake liko nje chini ya mjakaranda, limepoa tangu asubuhi. Twendeni nitafungua boneti. Mtasimama upande wa kushoto mwone sindano ya oili kupitia dirishani, na mtu asiguse choki. Funguo anazo yeye, na ndiye atakayeliwasha.