Tuzo ya Kura na Tuzo ya Chupa ya Maji

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Bwana mwenyekiti, wazee wetu, wenye hoteli, na nyinyi vijana wa ufuoni mlioacha biashara zenu asubuhi hii, ahsanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie tuzo za ubora wa fuo. Hapa Pwani tuzo hatuzikosi. Diani imeshinda mara kadhaa kwenye World Travel Awards, na cheti kikitoka tunakiona magazetini na mapokezi ya hoteli. Hongera zao. Lakini ile ni tuzo ya kura, na wanaopiga ni watu wa biashara ya utalii na wasafiri. Hakuna aliyeingia majini na chupa akapeleka sampuli maabara. Mimi leo nimekuja na habari za tuzo ya chupa, na itabidi niwapeleke Uingereza kidogo, maana huko kuna kisa ambacho sijaona kinachokishinda.

Mji wenyewe ni Blackpool, kaskazini-magharibi. Tangu enzi za treni za moshi, wafanyakazi wa viwanda vya Lancashire walikuwa wakimiminika pale likizo zao. Sasa, mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ikatoa agizo kuhusu maji ya kuogelea: kila nchi itaje mahali ambapo watu wake huogelea kwa wingi, ipime maji ya pale, na ihakikishe yamefikia kiwango ndani ya miaka 10. Serikali ya Uingereza ikapiga hesabu zake. Ufuo ukishautaja, umejifunga kuusafisha, na kuusafisha ni mabomba na mitambo ya maji taka ya mapesa mengi. Basi ikataja fuo 27 tu, nchi nzima. Blackpool haimo. Brighton haimo. Luxembourg, nchi isiyo na hata tone la bahari, ilitaja sehemu nyingi kuliko kisiwa kile chote. Cheka, lakini uelewe: watu walikuwa wamejaa majini, ila kwenye karatasi hawapo.

Kesi ikaenda mahakamani. Julai 1993 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba Uingereza haikutimiza wajibu wake kwa Blackpool na Southport. Ninachokipenda kwenye hukumu ile ni ushahidi. Majaji waliangalia kama kuna vibanda vya kubadilishia nguo, vyoo, alama za sehemu za kuogelea, na waokoaji. Vyote vilikuwepo. Kama umemwajiri mwokoaji amtazame mtu akiogelea, utasemaje hapaogelewi?

Wakati kesi inaendelea, Bendera ya Buluu, ndiyo ile tuzo ya chupa niliyowaahidi, ilikuwa imeshazaliwa. Ilianzia Ufaransa mwaka 1985, na 1987 ikaenea Ulaya kupitia taasisi ya elimu ya mazingira ambayo leo makao yake yako Copenhagen. Mwaka ule wa 1987 zilipata bendera fuo 244 katika nchi 10. Afrika Kusini ilijiunga 2001, ya kwanza nje ya Ulaya. Leo Hispania peke yake ina zaidi ya fuo 600 zenye bendera. Na Blackpool? Ufuo wake wa kusini uliipata kwa mara ya kwanza 2016. Hesabuni wenyewe tangu hukumu. Mabomba hayachimbwi kwa hotuba.

Sasa nieleze chupa yenyewe, maana hapa ndipo penye uzito. Mchotaji haokoti maji ukingoni. Anaingia hadi penye kina cha mita moja hivi, anazamisha chupa iliyotakaswa sentimita 30 chini ya uso wa maji, anaijaza, anaitia kwenye sanduku lenye barafu, gizani, kwa sababu jua huua bakteria na sampuli iliyopigwa jua hudanganya. Maabara ipokee siku ile ile, ikizidi sana saa 24. Wanatafuta bakteria wa aina mbili wanaotoka matumboni mwa watu na wanyama, E. coli na enterokoki. Kiwango cha juu kabisa, kile kinachotakiwa na bendera, kwa maji ya bahari ni E. coli 250 na enterokoki 100 kwa kila mililita 100, na karibu sampuli zote zisivuke hapo. Katika msimu zisipungue sampuli tano, wala zisipite siku 31 kati ya moja na nyingine. Matokeo yanabandikwa ubaoni pale pale ufuoni, mtu ayasome kabla hajavua shati.

Bendera yenyewe hutolewa kwa msimu mmoja tu. Mwakani unaomba upya. Na sharti likivunjwa katikati ya msimu, inashushwa, watu wote wakiona. Cheti cha mapokezi nani amewahi kukishusha?

Isiwe mnadhani nawauzia dawa ya kila ugonjwa. Sheria ya Ulaya inaruhusu baadhi ya sampuli za siku za uchafuzi wa muda mfupi, mathalani baada ya mvua kubwa, ziondolewe kwenye hesabu, hadi asilimia 15. Mimi sikubaliani nayo, maana aliyeogelea siku ile tumbo lake haliondolewi kwenye hesabu. Tena England hupima kuanzia Mei hadi Septemba. Anayeingia majini Desemba ajitegemee. Na kule Durban, mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu mitambo ya maji taka, fuo zikafungwa.

Kuhusu usalama sitakaa sana, nyinyi waokoaji mnaujua kuliko mimi. Bendera inataka waokoaji au vifaa vya uokoaji, huduma ya kwanza, na ramani inayoonyesha wapi pa kuogelea na wapi pa boti. Pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, mnaouita Pirates, siku ya Idi watoto wako kwenye tyubu na boti zinapita katikati yao. Ramani tu ingeokoa mtu.

Jambo jingine litawashangaza wenye hoteli. Masharti ya bendera yanasema mwani na majani ya bahari yaachwe ufuoni, isipokuwa yakiwa kero kweli. Sisi kila alfajiri tunayafagia na kuyafukia, na ndiyo yanayoshika mchanga, halafu tunalalamika mchanga unakwenda.

Hapa kwetu nyumba nyingi, na hoteli pia, zinategemea mashimo ya maji taka, na mashimo hayo yamechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao unavujisha kama chekecheke. Kwa hiyo sipendekezi tukimbilie kuomba bendera. Napendekeza chupa kwanza. Maji yachotwe Aprili na Mei, masika yamepamba moto na mitaro inashuka baharini, isiwe Januari tu wakati wageni wamejaa. Mchotaji asiwe mwajiriwa wa hoteli. Matokeo, mabaya kwa mazuri, yabandikwe kwa Kiswahili pale watu wanapokodi tyubu.

Najua wenye hoteli mna swali la kwanza: nani atalipa maabara, na wageni wakikimbia je? Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo tuanze na hilo.