Nguva Hana Ukuta

Asalaam aleikum, hamjamboni nyote. Wazee wangu wa Mji wa Kale na Likoni, kina mama wa soko la samaki, vijana mliotoka vyuoni, ahsanteni kwa kuja na joto hili la kaskazi.

Nimeombwa nizungumzie wanyama walio hatarini kutoweka. Najua maneno hayo yakitajwa, fikira za wengi hukimbilia Tsavo kwa ndovu na faru. Leo sipandi bara. Nabaki hapa majini, kwa nguva.

Kwanza nauliza: nani humu amemwona nguva hai kwa macho yake? Nyosheni mikono. Mmoja, wawili, watatu. Tazameni mikono hiyo ni ya kina nani. Wote ni wazee.

Babu yangu alivua Lamu kabla ya kuhamia Kisauni. Alikuwa akiwasimulia nguva kama mtu anavyowasimulia ng'ombe wa jirani: maji yakijaa huja kula nyasi, maji yakitoka hurudi kilindini. Na kweli ni mnyama wa malisho. Hula nyasi za bahari tu, hata kilo 30 au 40 kwa siku. Si samaki. Ananyonyesha, ana mapafu kama wewe na mimi, na kila baada ya dakika chache lazima apande juu avute pumzi.

Hapo kwenye pumzi ndipo penye msiba. Wavuvi mnalijua jarife, wavu mkubwa wa kutega papa. Linategwa jioni, mtu anarudi kulala, alfajiri analiendea kulivuta. Nguva akilivaa usiku hana wa kumnasua. Anapigana na wavu, anakosa hewa, anazama. Mvuvi akifika, anachokuta ni maiti. Hakukusudia kumwua, alitega papa, akapata nguva.

Sasa pigeni hesabu nami. Nguva jike hubeba mimba zaidi ya mwaka. Huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha mwaka na nusu hivi, na baina ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu, hata saba. Mwenyewe huenda akafika miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kwa hiyo jike mmoja akifa jarifeni, pengo lake halizibwi kwa msimu mmoja kama la dagaa. Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile uliwatangaza nguva wa Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliokomaa kiasi cha kuzaa hawafiki 250 katika ukanda wetu wote, na wengi wao wako Bazaruto kule Msumbiji. Kwetu Kenya ni wachache mno, na kuonekana kwao ni habari.

Msidhani mnyama mkubwa namna hii hawezi kwisha upesi. Nguva alikuwa na ndugu yake katika bahari ya baridi, baina ya Urusi na Alaska, mkubwa kuliko yeye mara nyingi. Mabaharia wa nahodha Vitus Bering, mpelelezi aliyetumwa na Urusi, walimkuta mwaka 1741, meli yao ilipovunjika kisiwani. Wakamla, wakaja wengine wakamla. Kufikia 1768 hakusalia hata mmoja. Ni miaka 27, umri wa kijana aliyekaa mstari wa mbele pale.

Sudan, yule faru mweupe wa kaskazini, dume wa mwisho, alipokufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, hapa Kenya, Machi 2018, dunia ilimlilia. Alilindwa na askari wenye silaha usiku na mchana, ndani ya ua. Nguva hana ua. Huwezi kuizungushia bahari ukuta. Mlinzi wake ni yule yule anayetega jarife, na ndiyo maana nimewafuata nyinyi.

Wala sikuja kumlaumu mvuvi. Kumwambia mtu mwenye watoto shuleni akate wavu wake ili mnyama aponyoke, halafu umwache na hasara yake, ni dhuluma. Wenzetu wa mji wa Watamu, hapa pwani, walilitambua hilo zamani. Tangu miaka ya 1990, mvuvi akinasa kasa hupiga simu, watu wa uhifadhi huja wakampima na kumwekea alama, kasa akarudishwa majini, na mvuvi akapewa kitu kidogo cha kumfidia. Na kasa wa kijani duniani, baada ya miongo mingi ya kulinda fukwe na kupiga marufuku biashara ya nyama na mayai, Oktoba 2025 aliondolewa katika orodha ya walio hatarini. Kasa mwenzake, ng'amba, bado yuko pabaya, na huku kwetu kazi haijaisha, lakini mnaona kwamba jitihada zinazaa.

Kwa nguva tuna muda mchache kuliko huo. Ninaloomba ni hili: penye nyasi za bahari, jarife lisilale peke yake. Kama ni lazima litegwe, mtu akae nalo, alikague usiku. Na juya, ule wavu wa kukokota, lisiburutwe juu ya nyasi, maana likizing'oa, hata nguva aliyepona hatakuwa na cha kula. Fidia ya wavu uliokatwa tuidai kaunti na serikali kuu kwa sauti moja. Mimi nitasimama nanyi katika hilo.

Wazee wangu watatu mlionyosha mikono, pale mlangoni pana meza na ramani ya pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Tafadhali msiondoke kabla ya kutuonyesha mlimwona wapi, mwaka gani, msimu wa kusi au wa kaskazi. Kijana mwenye kalamu anawangoja.