Kisiwa Kilichoasi Ili Kibaki Koloni

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii. Waliokaa nyuma sogeeni mbele, viti vipo na mimi siumi.

Naanza na herufi mbili. Kila mmoja wenu ameshaona tovuti ambayo anwani yake inaishia na .ai. Kampuni za akili mnemba zinazigombania herufi hizo usiku na mchana. Sasa, .tz tunajua ni ya Tanzania, .ke ni ya Kenya; .ai ni ya nani? (Sauti kutoka ukumbini: "Ya Wamarekani!") Hapana, bwana. Ni ya kisiwa kimoja cha Karibi kiitwacho Anguilla, chenye watu kama 15,000. Ukiwakusanya wote, mtoto na mzee, ukawaingiza Uwanja wa Mkapa, robo tatu ya viti itabaki mitupu.

Tutazirudia hizo herufi. Kwanza tukijue kisiwa chenyewe.

Anguilla ina urefu wa kilomita 26 hivi na upana wa kilomita tano. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 91. Unguja inaimeza zaidi ya mara 15. Jina lake maana yake ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kwa sababu ndivyo kilivyojinyoosha baharini. Wenyeji wa kale walikiita Malliouhana. Hakuna mto. Hakuna mlima, kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 80. Ni jiwe la chokaa lenye udongo mwembamba hapa na pale, na mvua yake ni ya kubahatisha.

Na hapo ndipo ulipo ufunguo wa kila kitu nitakachosema leo: ubovu wa ardhi ile.

Waingereza walipohamia mwaka 1650 walijaribu tumbaku, wakajaribu pamba, mwishowe wakataka miwa, maana miwa ndiyo iliyokuwa ikitajirisha mabwana wa Barbados, Antigua na St. Kitts kwa jasho na damu ya watumwa kutoka Afrika. Anguilla miwa haikustawi. Mwaka huu inaota, miaka miwili inayofuata inaungua na jua. Watumwa walikuwepo, na msidhani mateso yao yalikuwa mepesi kwa sababu bwana alikuwa maskini. Bwana maskini mara nyingi ndiye mkatili zaidi. Lakini utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, wengi wa mabwana hao hawakuona faida ya kubaki. Wakaondoka. Ardhi ikaanza kununuliwa kipande kwa kipande na watu waliokuwa wakilimishwa juu yake.

Kwenye visiwa vya sukari mambo yalikuwa mengine. Huko mtu alipewa uhuru asubuhi, jioni akarudi shamba lile lile kuomba kibarua, kwa sababu ardhi yote ilikuwa bado ya bwana. Mtu wa Anguilla alikuwa na kiwanja chake, mbuzi wake na mashua yake. Alilala njaa, ndiyo, lakini alilala kwake. Njaa ilizidi hata katika miaka ya 1840 Uingereza ikapendekeza watu wote wahamishiwe Guyana ya Waingereza, kisiwa kifungwe. Wakakataa.

Nimesema mashua. Kwa kuwa shamba halikulisha familia, wanaume walikwea vyombo vya tanga kila mwaka kwenda kukata miwa Jamhuri ya Dominika, zaidi ya kilomita 500 upande wa magharibi. Kwenda ni raha, upepo unakusukuma kisogoni. Kurudi ni kubisha: unakata kushoto, unakata kulia, siku kadhaa, upepo wa mashariki unakupiga usoni. Na wanaume ni wanaume, hawawezi kurudi nyumbani kimya kimya. Wakashindana nani atatia nanga wa kwanza. Basi hadi leo mchezo wa taifa wa Anguilla si kriketi wala kandanda. Ni mashindano ya mashua za mbao zisizo na mashine, na mwezi wa Agosti kisiwa kizima huhamia ufukweni kubishana kuhusu matanga. Mtu wa Lamu akishushwa pale siku hiyo hatahitaji mkalimani.

Sasa twende 1967.

Kwa urahisi wa makaratasi yao, Waingereza walikuwa wameiunganisha Anguilla na St. Kitts, kisiwa kilichoko zaidi ya kilomita 100 kusini, na Nevis pembeni. Maamuzi yalifanywa St. Kitts. Anguilla ilikuwa na watu kama 6,000, bila umeme wa serikali, bila simu, bila barabara ya lami. Kuna kisa wanachopenda kukisimulia: kwamba Kanada ilitoa fedha za kujenga gati ya Anguilla, gati ikajengwa kweli, ila ilijengwa St. Kitts. Kama kila neno la kisa hicho ni sahihi au la, si muhimu sana. Nani kati yetu anayetoka wilaya ya pembezoni asiyekijua kisa cha namna hiyo?

Februari 1967 Uingereza ikaipa St. Kitts-Nevis-Anguilla madaraka ya kujitawala mambo ya ndani. Wakati huo sisi huku Afrika tulikuwa tukishusha bendera ya Mwingereza na kucheza ngoma. Watu wa Anguilla walisikia habari ileile wakaogopa: Mwingereza akiondoka, tunabaki na huyu wa St. Kitts! Tarehe 30 Mei wakawakusanya polisi wa St. Kitts, ambao hawakufika hata ishirini, wakawapandisha ndege kuwarudisha kwao. Kisha uwanja wa ndege wakaujaza mapipa na magari ili asitue mtu. Julai wakapiga kura ya kujitenga: 1,813 waliunga mkono, watano walikataa. Mimi hao watano nawaheshimu sana. Fikiria unavyokwenda dukani kesho yake kununua sukari.

Kiongozi wao alikuwa Ronald Webster, mtu aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Waholanzi wa kisiwa jirani cha St. Martin. Mazungumzo yakaenda, yakarudi, hayakuzaa kitu. Februari 1969 wakapiga kura nyingine, 1,739 kwa wanne, wakajitangaza jamhuri, ingawa walichokuwa wakikiomba ni Mwingereza awatawale moja kwa moja. Mwezi uliofuata London ikamtuma waziri mdogo, William Whitlock, akawaeleze mpango wake. Alikaa saa chache tu. Wenye bunduki wakamsindikiza hadi kwenye ndege.

Whitlock akarudi na taarifa kwamba kisiwa kimetekwa na majambazi. Ndipo Uingereza ikaamua kuvamia. Tarehe 19 Machi 1969, kabla ya mapambazuko, askari zaidi ya 300 wa kikosi cha miamvuli walishuka ufukweni kutoka kwenye meli za vita, wakifuatwa na makumi ya polisi wa London. Ghafla gizani ikawaka mimweko. Askari wakajua mapambano yameanza. Kumbe ni kamera: waandishi wa habari walikuwa wameshafika, wanawasubiri. Hakuna aliyefyatua risasi, hakuna aliyekufa, na magazeti ya dunia yakacheka wiki nzima.

Lakini tazameni mwisho wake. Wavamizi walibaki, na wahandisi wa jeshi wakaanza kujenga barabara na shule. Kile walichokuwa wakikiomba kwa barua miaka yote, Mwingereza awatawale moja kwa moja na awaletee huduma, kikaletwa na meli za vita. Tarehe 19 Desemba 1980 Anguilla ikatengwa rasmi na St. Kitts, na mpaka leo ni eneo la Uingereza.

Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Tusicheke sana, ndugu zangu, jambo hili limefika hadi mlangoni kwetu. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzwani, wengine mnakiita Anjouan, kilijitenga na Komoro na kikaomba Ufaransa ikichukue tena. Ufaransa ikakataa. Mwaka 2008 kisiwa hicho kilipoasi tena, waliopelekwa na Umoja wa Afrika kukirudisha walikuwemo askari wa Tanzania. Mwenye kisiwa kidogo haogopi mtawala wa mbali kama anavyomwogopa jirani mkubwa kidogo kuliko yeye.

Turudi kwenye herufi. Orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi iliipa Anguilla AI, na anwani za intaneti zikafuata orodha hiyo. Kwa miaka mingi .ai haikuwa na maana kwa mtu yeyote. Kisha mwishoni mwa 2022 ikatoka ChatGPT, na dunia yote ikakumbuka kwamba kwa Kiingereza akili mnemba hufupishwa AI. Mwaka 2023 serikali ya kisiwa kile ilikusanya dola za Marekani kama milioni 32 kutokana na anwani hizo, karibu moja ya tano ya mapato yake yote. Ada ilikuwa dola 140 kwa miaka miwili, na huwezi kulipia pungufu ya hiyo miaka miwili. Kisiwa ambacho kimbunga Irma kilikivua mapaa Septemba 2017, utalii ukasimama, sasa kina kipato ambacho upepo hauwezi kukibomoa.

Na jambo la mwisho, ambalo nililiweka makusudi. Herufi hizo hazikuanza na Anguilla. Mmiliki wake wa kwanza kwenye orodha ile alikuwa huku kwetu, kwenye pembe ya Afrika: koloni lililoitwa Eneo la Kifaransa la Waafar na Waissa. Mwaka 1977 likapata uhuru wake, likabadili jina kuwa Djibouti, likachukua DJ. AI ikaachwa haina mwenyewe, na baadaye ikapewa kisiwa kilichokataa uhuru.

Sasa maswali. Naona mkono wa yule mama pale dirishani.