Kinundu cha mbwa usikitupe: alama za tishu na kansa ya seli za masti

Kamwene kwa mliotoka Iringa, na wa Rungwe mugonile. Asanteni kwa kuja na hii baridi ya Uyole. Leo naongelea kitu kimoja tu, kile kinundu tunachokitoa kwenye ngozi ya mbwa halafu kinaishia kwenye ndoo ya taka.

Hili linaniuma kweli. Kuna mbwa wa mzee mmoja huku, mbwa wa kulinda boma, alikuwa na kauvimbe pajani kadogo kama punje ya hindi, leo kamevimba kesho kamenywea, nikakakata nikashona nikakatupa. Miezi michache kakarudi palepale, safari hii mitoki ya kinena imejaa na mbwa anatapika damu, mzee ananiuliza daktari huu ni ugonjwa gani na mimi sina cha kumjibu, maana jibu nilishalitupa.

Uvimbe wa namna ile unaweza kuwa kansa ya seli za masti, yaani seli za kinga ya mwili ambazo kila mbwa anazo, hata sisi tunazo. Paul Ehrlich alizielezea mwaka 1878, akaona zina vichembe. Ukivipaka rangi ya bluu ya toluidini, vinaigeuza kuwa zambarau. Humo ndani kuna histamini na heparini, ndo maana uvimbe wake ukiuminya unawasha na kuvimba, na histamini ikizidi mwilini inaongeza asidi tumboni mpaka vidonda vinatoa damu, kwa hiyo jamani msiubonyezebonyeze. Ukivuta seli kwa sindano nyembamba, ukapaka rangi ya Giemsa ukaangalia kwenye hadubini, mara nyingi unajua siku hiyohiyo kwamba hizi ni masti. Lakini kuna seli zimeharibika mpaka vichembe vimeisha, huwezi kuzitofautisha na za kansa nyingine kwa macho, na hapo ndo alama za tishu zinaingia: unaweka antibodi inayotafuta protini moja tu, kama KIT au triptasi, ikiikuta basi panatokea rangi ya kahawia na unajua hii seli ni ya ukoo gani.

Kujua ukoo hakutoshi, mwenye mbwa anataka kujua kama itamuua. Mwaka 1984 Patnaik na wenzake waliweka madaraja 3 ya ukali wa uvimbe huu, yakatumika sana, ila tatizo lilikuwa lile daraja la 2, karibu kila kitu kinaangukia humo na wasomaji wa slaidi wenyewe hawakubaliani. 2011 Kiupel na wenzake wakapunguza yakabaki mawili, la chini na la juu, na vigezo vyake vinahesabika: seli 7 au zaidi zinazogawanyika kwenye maeneo 10 ya hadubini yenye ukuzaji mkubwa, au seli 3 zenye viini vingi, au viini 3 vya ajabuajabu, au viini vilivyovimba kupita kiasi, kimoja tu kikitimia ni daraja la juu. Halafu angalieni, madaraja haya ni ya uvimbe wa kwenye ngozi, ule unaoanzia kwenye mafuta chini ya ngozi haupimwi kwa mizani hii, na watu wengi wanachanganya.

Sasa alama ninayoipenda mimi ni ile protini ya KIT, kwa sababu haikwambii jina tu, inakwambia na tabia. Chukulia KIT ni mlinzi, kazi yake ni kukaa getini kupokea ujumbe, na seli iliyotulia ukiipaka unaona kahawia imezunguka ukutani tu. Ukimkuta mlinzi amejikusanya ndani karibu na kiini, anza kuwa na wasiwasi, na ukimkuta amezagaa nyumba nzima vilevile, maana mifumo hiyo miwili imehusishwa na uvimbe kurudi na mbwa kuishi muda mfupi. Alama nyingine, protini ya Ki-67, yenyewe inaonyesha seli ngapi ziko kwenye mzunguko wa kugawanyika, na AgNOR, vile vidoadoa vyeusi vya fedha kwenye kiini, vinaonyesha zinakimbia kasi gani. Hizi mbili zisomwe pamoja: seli nyingi zinazokwenda polepole sio sawa na seli nyingi zinazokimbia. Kuna na kipimo cha PCR, kinachosoma vinasaba, cha jeni ya KIT kwenye sehemu yake inayoitwa ekzoni ya 11, kipande kikijirudia hapo protini inabaki imewaka muda wote bila kuitwa, na dawa kama toceranib, iliyopitishwa Marekani 2009, inapiga hukohuko.

Lakini yote hayo yanategemea mkono wako wewe uliyeshika kisu. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kinyama, chupa yenye mdomo mpana, na upande mmoja wa nyama weka uzi ili msomaji ajue kingo ipi ni ya kichwani, maana kingo zikiwa na seli bado hujamaliza kazi. Usikaushe, na usiiache kwenye fomalini wiki na wiki, protini zinajifunga mpaka antibodi haizioni. Kwenda Iringa kituo cha TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, au SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, piga simu kwanza uulize wanapaka rangi zipi, ndo upeleke.

Mama pale nyuma ameuliza, kama fomalini imeisha aweke kwenye friza? Hapana mama, barafu inapasua seli na msomaji hataona kitu, bora kinundu kikae palepale kwenye mbwa siku mbili tatu mpaka fomalini ipatikane, halafu nipigie tukitoe pamoja.