Kilo za Mwanzo: Tunakaanga Kahawa Jikoni kwa Bakari

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tumehamia jikoni kwa kaka Bakari, hapa dirishani. Huo mvumo mnaousikia ni mashine yake ya kukaangia kahawa, inapata moto. Ina wiki mbili tu tangu aitoe kwenye boksi.

BAKARI: Na nimeshakaanga mara tano, dada Neema, na mara zote tano kahawa imetoka tofauti. Ndiyo maana nimekuita.

NEEMA: Tutafika huko. Kwanza umeme, maana hapo ndipo watu wanapoteza fedha. Mashine nyingi ndogo wanazotuma ndugu zetu kutoka Marekani ni za volti 120. Soketi zetu zinatoa 230. Igeuze mashine, soma kibandiko cha chini kabla hujaichomeka.

BAKARI: Yangu imeandikwa 230.

NEEMA: Basi umesalimika. Mwenye ya 120 atahitaji transfoma ya kushusha umeme, tena yenye nguvu kuizidi mashine. Mashine ya wati 1,500 haiendi na transfoma ya wati 1,000. Na transfoma inashusha volti tu. Mota iliyotengenezewa hezi 60, yaani umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ikikuta hezi 50 zetu inaweza kuzunguka polepole. Kama bado hujanunua, tafuta ya 230 tangu mwanzo. Haya, umekaanga buni gani?

BAKARI: Nilianza na AA, lile daraja la punje kubwa, ya Mbinga, nikaja kwenye ya Kilimanjaro, halafu nikajaribu ya Bukoba, ambayo ni aina nyingine, robusta.

NEEMA: Mara tano, kahawa tatu. Utajuaje kilichobadilika ni mashine au ni buni? Kaka, nunua kilo tatu za kahawa moja, ukae nayo. Gramu 200 kila mara, muda unaandika, moto unaandika. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu. Mimi nilikaa na kahawa moja miezi miwili, na sijutii hata siku moja.

BAKARI: Leo nimepima 200 za Kilimanjaro. Nimimine?

NEEMA: Mimina. Anza kuhesabu muda.

(Sauti ya punje zikiingia kwenye pipa.)

BAKARI: Hakikisheni buni imekobolewa, jamani. Kuna jirani yangu alipewa kahawa ikiwa bado na ganda lake gumu, lile la rangi ya majani makavu. Hiyo haijafika kukaangwa.

NEEMA: Kweli kabisa. Inatakiwa iwe ya kijani kijivu. Sasa hivi haitatokea kitu cha kusikia, inapoteza maji tu. Wewe nusa. Inaanza na harufu ya nyasi.

BAKARI: Mpaka lini?

NEEMA: Mpaka igeuke manjano. Hapo utasikia harufu ya mkate. Tukingoja niwaambie kwa nini mimi napenda jambo hili. Nimezaliwa Marangu, kahawa iko kihambani, shamba la nyumbani, chini ya migomba. Tumechuma, tumemenya, tumeosha, tumeanika kwenye vichanja, ikaenda chama cha msingi cha ushirika. Nyumbani tukanywa chai. Baba yangu amelima kahawa maisha yake yote, na sikuwahi kumwona na kikombe cha kahawa yake mwenyewe.

BAKARI: Hata kimoja?

NEEMA: Hata kimoja. Mwaka jana nikachukua kilo mbili za kwake, nikazikoboa, nikamkaangia. Aliinusa muda mrefu. Kisha akaniuliza, hii ni ya miti ya juu, au ya kule chini karibu na mfereji? Nikaona nimechelewa miaka mingi.

BAKARI: Shikamoo yake mzee. Dada, imekuwa manjano. Dakika ya nne na nusu.

NEEMA: Na makapi yameanza kupeperuka, yale maganda mepesi. Trei yake isafishe kila unapomaliza, kwa sababu makapi yanashika moto. Yakiwaka ndani, usifungue mlango. Zima umeme, acha pafungwe, moto ukose hewa.

BAKARI: Umeme wenyewe ukikatika katikati je? Hapa kwetu hilo ndilo la kila wiki.

NEEMA: Pipa likisimama, punje zinalala kwenye chuma cha moto na zinaungua upande mmoja. Uwe na glavu nene na chekeche ya chuma pembeni, kila mara. Kama hakuna mwali, zimwage hapo, uzipepee. Kahawa hiyo imeharibika, lakini nyumba yako ipo. Na usiondoke jikoni hata kujibu simu. Sikiliza sasa.

(Tak. Tak-tak.)

BAKARI: Ndio huo!

NEEMA: Mpasuko wa kwanza. Mvuke na gesi vinaipasua punje kwa ndani. Dakika ngapi?

BAKARI: Nane na sekunde ishirini. Kipimo kinasema nyuzi 201 za Selsiasi.

NEEMA: Vizuri, kwa kawaida ni kati ya 196 na 205. Kuanzia hapa mambo yanakwenda mbio. Ukitoa sasa hivi itakuwa chachu. Ukingoja hadi mpasuko wa pili, ule mwepesi kama kuni mbichi jikoni, mafuta yanatoka juu na unapata kahawa chungu kama ile ya wauza kahawa wa mtaani. Wanaoipenda hivyo wana haki yao. Ila hii ya Kilimanjaro ina utamu wa matunda, na moto mwingi unaufuta.

BAKARI: Nakata lini?

NEEMA: Dakika moja na nusu baada ya mlio wa kwanza. Hapo ndipo ulipokuwa unakosea, nadhani. Ulikata ikiwa imefika rangi unayoipenda, nayo ikaendelea kuiva kwa joto lake. Kata kabla. Sasa!

(Feni ya kupooza inaanza.)

BAKARI: Rangi ya kahawia, haijang'aa.

NEEMA: Ikishapoa hadi uishike mkononi, pima.

BAKARI: Gramu 171.

NEEMA: Imepungua 29, karibu asilimia 15. Iandike pamoja na zile dakika. Usiinywe leo, ina gesi nyingi. Iache kwenye mtungi, kifuniko kikiwa kimelegezwa, uifunge kesho jioni.

BAKARI: Nimeandika tarehe. Gramu 50 ni za mzee wa Marangu.

NEEMA: Nitampelekea Jumamosi.