Mkataba Unaobatilika: Hiari Ni ya Nani?

Ndugu wavuvi, wachuuzi wa dagaa na wenye mitumbwi mliofika hapa Kirumba,

Nimeombwa nizungumzie mkataba unaobatilika, ambao wengi huuchanganya na mkataba batili. Mkataba batili hauna nguvu tangu mwanzo, kama makubaliano ya kijana asiyetimiza miaka 18. Unaobatilika ni mkataba mzima, nao unawafunga wote wawili mpaka aliyekosewa aamue kuutengua. Hiari hiyo ni yake peke yake. Aliyedanganya hawezi kujitoa kwa kuutegemea uongo wake mwenyewe.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru, na kifungu cha 14 kinataja yanayoiharibu: shuruti, ushawishi usiofaa, ulaghai, upotoshaji na kukosea. Shuruti mnaifahamu. Kukosea nakuacha, kwa kuwa wote wawili wakikosea kuhusu jambo la msingi, makubaliano huwa batili moja kwa moja.

Ushawishi usiofaa ndio unaotuhusu zaidi sisi wa mwaloni. Mvuvi anadaiwa na tajiri aliyempa nyavu na mafuta, kisha analetewa karatasi inayosema kwamba samaki wake wote atamuuzia tajiri huyo kwa bei atakayoipanga tajiri. Deni peke yake halitoshi kuutengua mkataba. Lakini ikithibitika kwamba tajiri alikuwa na uwezo wa kuitawala nia ya mvuvi, na masharti yenyewe yanaonekana kuwa ya kunyonya, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuutumia vibaya uwezo huo unamwangukia tajiri. Binafsi naona kanuni hii ina thamani kubwa kuliko zote nitakazozitaja leo, na ndiyo isiyojulikana.

Sasa chukueni injini ya mtumbwi. Muuzaji anasema haijawahi kufunguliwa, huku akijua kwamba bloku ilipasuka, ikachomelewa na kupakwa rangi. Huo ni ulaghai. Angeyasema hayo akiamini kwa dhati kuwa ni kweli, ungekuwa upotoshaji, na hapo anaweza kujitetea kwamba mnunuzi angeugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, kwa mfano kwa kumwita fundi. Kunyamaza tu, kwa kawaida, si ulaghai, isipokuwa pale ambapo mtu alikuwa na wajibu wa kusema.

Mnunuzi akishagundua, anaweza kuutengua mkataba, au kuushikilia na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maneno yale yangekuwa kweli. Akiutengua, anairudisha injini na kurudishiwa fedha zake. Hawezi kubaki na vyote viwili. Tena awahi kumjulisha muuzaji, ikiwezekana kwa maandishi, kwani akiendelea kuvulia injini ileile miezi mitatu baada ya kuiona ile alama ya kuchomelea, atahesabiwa kuwa ameuridhia mkataba.

Muuzaji naye huweza kulaghaiwa, na kwake kuchelewa kuna hatari nyingine. Tuseme mnunuzi mlaghai ameichukua injini yako kwa hila, akaiuza Ukerewe kwa mtu mwema asiyejua lolote kabla hujautengua mkataba. Mtu huyo anapata umiliki halali, na wewe unabaki kumfuata mlaghai kwa fedha zako.